Nilikupikia Dunia

Makori mwanangu,

Watu wakiandika barua huanza kwa kusema kwamba wao hawajambo na hofu ni kwako wewe usomaye. Mimi siwezi kuanza hivyo. Wewe ndiye mzima, nakusikia huko esaiga, kibanda chetu cha wanaume, ukicheka na vijana wenzako, na hofu yote iko huku kwangu, juu ya kiti hiki, tangu jua lilipokuwa bado juu ya migomba.

Sitakuambia upake viatu rangi wala ufunge mkanda vizuri. Hayo kuna sajini atakayekufundisha, na atakufundisha kwa sauti ambayo mimi sina. Sitakuambia usali, hilo mamako amelisema mara nyingi hata ng'ombe wetu sasa wanalijua. Nataka kukueleza jambo lililonishinda mdomoni jana. Ulikuja ukasimama mbele yangu ukasema, "Tata, kesho kutwa naenda jeshi. Nimekuja unibariki." Nikasema ngoja kwanza nikamtazame ndama, anahara. Ndama hakuwa anahara. Nilikwenda nikasimama katikati ya migomba kama mwizi wa ndizi, mpaka nikasikia nyayo zako zikiondoka.

Nakuandikia kwa Kiswahili, na huenda ukashangaa, kwa maana hapa nyumbani tunasema Ekegusii, na Kiswahili ni cha shuleni na cha dukani. Lakini Kiswahili ndicho nilichotoka nacho jeshini, pamoja na kusoma na kuandika, na ndicho tulichokuwa tukisema mimi na wewe kwenye moto wetu. Kwa Ekegusii mimi ni babako na sharti niamuru. Kwa Kiswahili naweza kuomba.

Niliporudi kutoka vitani ulikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, na hukunijua. Ulijificha nyuma ya mamako ukamuuliza, "Huyu askari ataondoka lini?" Watu walikuja kutoka Birongo yote kuniangalia. Wazee walitaka habari za bunduki. Wajomba zako walitaka kujua nimeua wangapi. Nilipowaambia mimi nilikuwa mpishi, walitazamana kama watu walioletewa mchuzi bila ugali. Wakaniaga mapema.

Baada ya siku chache ndipo wewe ukanikaribia, ukashika kopo langu la jeshi, ukachungulia ndani yake. Ukauliza, "Mlikuwa mnakula nini huko?" Katika maswali yote niliyoulizwa, hilo peke yake ndilo niliweza kulijibu. Nilifurahi sana, mwanangu. Nilikuwa nimerudi na mambo mengi ambayo hayakutaka kutoka, na sasa mtoto wangu mwenyewe alikuwa amenionyesha yale yaliyokubali kutoka. Nikaanza kukueleza siku hiyo hiyo, na jioni tukawasha moto.

Unaijua mila yetu. Mwanaume hapiki. Mafiga ni ya mke, na mume akishika mwiko watu husema amelogwa au mkewe amemkalia. Mamako alinipenda, lakini aliponiona nimeinama juu ya mafiga yake alinitoa kwa upole kama anavyotoa kuku. "Toka, Baba Makori. Watu wakikuona, nitasema nini?" Ndipo nikaenda nyuma ya esaiga, nikapanga mawe matatu yangu mwenyewe. Jumapili alasiri, mamako na Wasabato wenzake wakiwa shambani, mimi na wewe na dadako Kerubo tulikuwa tukisafiri mbali sana bila kutoka hapo.

Tulianza na Bara Hindi, kwa sababu unga wa ngano ulipatikana kwa Mhindi mjini Kisii, naye ndiye aliyeniuzia bizari, akacheka aliponiona naichagua kwa kuinusa. Chuma cha kuchomea chapati hatukuwa nacho. Tukachukua jembe kuukuu lililolika makali, tukalisugua kwa mchanga na jivu, tukalilaza juu ya moto. Kerubo alisukuma unga kwa chupa. Chapati ya kwanza ilikuwa na ladha ya shamba lote, wewe ukaila mpaka ikaisha, ukatangaza kwamba Wahindi wanakula vizuri.

Kisha tukapika mkate wa Uhabeshi. Nafaka yao hatuna, nikasema unga wa wimbi utatosha. Nikaukoroga na maji kwenye chungu, nikaufunika ukae siku kadhaa uchachuke. Nyanyako alipita akanusa, akarudi kwake mbio kuleta kikombe. Alidhani ni pombe. Mamako naye alidhani ni pombe, ila yeye alikimbia kuwaita wazee wa kanisa. Walikuja na Biblia, nyuso zimekunjamana. Niliwaketisha, nikamimina ule uji mzito juu ya jembe, ukatokeza matundu madogo madogo kama inavyotakiwa, nikawawekea dengu juu yake. Walikula wakitazamana. Mzee mmoja akauliza, "Hii chakula iko na kulevya?" Wewe ukamjibu, "Hapana, mzee, iko na kushibisha tu." Wakaomba nyingine. Aliyerudi nyumbani na hasira ni nyanyako peke yake, kikombe chake kikavu.

Makaroni ya Wataliani yalitushinda. Nilikuwa nimeona wafungwa wa Kitaliani wakiyatengeneza kwa mikono, nikadhani kuona ni kujua. Tulikata unga ule mwembamba mwembamba, tukautundika juu ya kamba ya mgomba ukauke, tukaenda mtoni kuteka maji. Tuliporudi tulikuta kuku wamekula Ulaya yote. Kerubo alilia. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini.

Mchuzi wa Seloni, kile kisiwa kilicho chini ya Bara Hindi, unahitaji tui la nazi. Sisi tuliupika kwa maziwa, kwa sababu nazi huku kwetu hakuna aliyewahi kuiona ikiota. Uliniuliza nazi ina ladha gani. Nilijaribu sana kukueleza, nikaishia kusema ni kama njugu zilizolowekwa kwenye maziwa. Ukafumba macho, ukatafuna mdomo mtupu, ukijaribu kuionja. Nilikutazama nikacheka. Leo nayakumbuka yale macho uliyoyafumba, wala sicheki.

Kwa maana kila chakula nilikipa hadithi yake. Mwanamke wa Kihabeshi aliyenipiga kofi mkononi kwa kuchukua mkate kwa mkono wa kushoto, kisha akanilisha mwenyewe kama mtoto. Mfungwa wa Kitaliani aliyekuwa akiimba akikoroga sufuria, na akilia akinusa kitunguu saumu. Bahari inayowaka usiku pembeni mwa meli. Hadithi hizo zote ni za kweli, sikuwadanganya hata moja. Lakini nilizichambua kama mtu anayechambua mchele: mawe yote niliyatupa, nikawapa mchele mtupu. Mkakua mkijua kwamba vita ni safari ya kwenda kula.

Ungeniuliza kwa nini, ningekuambia ukweli. Saa zile za Jumapili ndizo pekee nilizokuwa najisikia mtu. Siku nyingine nilikuwa nashtuka mlango ukigongwa, nilikuwa namfokea mamako bila sababu. Nikiwa na mwiko mkononi na ninyi wawili mmechutama mbele yangu, nilitulia. Nilizila hadithi zile mwenyewe kabla ya kuwapa ninyi.

Halafu ukatahiriwa. Ukatoka ukiwa omomura, kijana mwanaume, na kwa mila ukawa huingii tena jikoni kwa mamako. Kerubo alirudi kwenye mafiga ya mamako, kwa kuwa msichana anayekua mahali pake ni pale. Wewe ukabaki huna jiko isipokuwa lile langu la nyuma ya esaiga, ambalo kwa mila si jiko, kwa hiyo hakuna aliyeweza kukukataza. Wenzako waliketi wakangoja kuletewa chakula. Wewe ulikuja kukipika pamoja nami, kila Jumapili, wawili tu, na ukaanza kuuliza zaidi: meli ina vyumba vingapi, bahari ina harufu gani, Wahindi walisemaje ulipowapikia chakula chao? Nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Nilijiona mjanja aliyeizunguka mila kwa uani.

Nimeifikiria mila ile sana mwezi huu. Humtoa kijana jikoni ili akakae na wanaume, asikie mambo ya wanaume kama yalivyo: nani aliuawa kwa mkuki, nani alikimbia, nani alirudi akiwa hana akili. Wewe ulitolewa jikoni kwa mamako ukaletwa kwangu, mwanaume pekee katika boma hili aliyeyajua mambo hayo, nami nikakurudisha jikoni. Wazee waliokuwa wakinicheka walikuwa wakicheka jambo dogo la mwiko. Hili kubwa hawakuliona, wala mimi sikuliona.

Kisha mwezi uliopita ukarudi kutoka Kisii ukikimbia, shati liko begani.

"Tata, wamenichukua!"

"Nani amekuchukua?"

"Jeshi. Wamenipiga kifua hivi, wakaangalia meno, wakasema niko sawa kabisa. Tunapelekwa kule mashariki, ng'ambo ya Bama ulikokuwa wewe. Kuna vita ya msituni. Si huko ndio kuna nazi?"

"Kuna nazi."

"Basi nitakuletea moja."

Nami nikasema nini? Nikasema, "Utakuwa umeiweka wapi miezi yote hiyo, itaoza." Hilo ndilo neno la hekima nililolipata, mimi mtu mzima, askari wa zamani, babako. Ukacheka, ukaenda kumwambia Kerubo.

Jioni ile nilimwomba mamako akulilie. Nilifikiri machozi ya mama huenda yakamfunga mtoto miguu. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua chinsaga, zile mboga chungu unazozipenda, na hakuinua uso. Akasema, "Mimi nilimlisha obokima, ugali wetu, na chinsaga. Hiyo dunia si mimi nilimpikia." Akaendelea kuchambua. Kerubo alikuwa pale, akainuka akatoka nje. Tangu siku hiyo mamako hajanilaumu tena, na afadhali angenilaumu.

Nilikwenda kwa chifu pia, hilo hulijui. Nilitaka kumwomba akutafutie sababu ya kubaki, hata kazi ya barabara. Sikufika hata kwenye ombi. Alininyanyua mkono mbele ya watu akasema, huyu ndiye mzazi, askari aliyezaa askari. Watu wakapiga makofi. Nikarudi na sifa nisiyoiomba, na ombi langu bado liko tumboni.

Na wewe nilijaribu kukueleza. Jumapili iliyopita tulipoketi motoni nilianza, "Makori, kule Bama…" Ukasogea karibu, ukakumbatia magoti, ukauliza, "Mlikula nini?" Mdomo wangu ukafuata njia uliyoizoea. Nikajikuta nakueleza habari za machipukizi ya mianzi, jinsi yanavyochemshwa kuondoa uchungu. Ulisikiliza kwa makini sana. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa naendelea kuyamwaga.

Basi acha niandike. Karatasi haikumbatii magoti.

Kule Bama mvua ilikuwa hainyamazi. Siku moja kikosi chetu kilipanda kilima asubuhi, nami nikabaki chini na masufuria, nimeamriwa kwamba wakirudi wakute chakula cha moto. Nilipika wali wa watu wote, na dengu, na nyama ya kopo niliyoikaanga kwa bizari na vitunguu. Kulikuwa na kijana mmoja kutoka Nyamarambe, Ombati jina lake, tuliyekuwa tukisema naye Ekegusii usiku ili tusisahau. Yeye alikuwa akipenda ukoko, ule wali unaoungua chini ya sufuria, na kila alipotoka alinikumbusha nimwekee. Siku ile nilimwekea, nikaufunika kwa jani.

Niliwasikia wakipigana huko juu mchana kutwa. Jioni wakashuka. Walioshuka kwa miguu yao walikuwa wachache, na wengine walibebwa, na wengi hawakuonekana kabisa. Ombati hakuonekana. Nikasimama na upawa wangu mbele ya masufuria yaliyojaa. Nikamuuliza sajini, "Afande, nigawe vipi?" Akasema, "Gawa chote." Nikawapa kila mtu sahani, kisha nikawapa tena, na tena. Mvua ilikuwa inanyesha ndani ya sahani.

Sajini akanitazama akasema, "Na wewe kula." Nikakaa chini nikala. Tulikuwa tumekaa na njaa kwa majuma mengi, chakula chetu kilikuwa nusu sahani, na sasa kilikuwako chakula tele. Nikala sehemu yangu, nikala sehemu ya mtu mwingine. Mwishowe nikafunua lile jani, nikala ukoko wa Ombati. Na chakula kile kilikuwa kitamu, Makori. Hilo ndilo jiwe ambalo sijaweza kumpa mtu. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile maishani mwangu, na nilijua ni kitamu wakati nakitafuna, na nilijua kwa nini kimekuwa kingi.

Wali ule ndio niliokuwa nikiwapikia siku za mvua. Ule wa dengu na nyama ya bizari, ambao wewe na Kerubo mlikuwa mkigombania ukoko wake mpaka nawatenganisha kwa mwiko. Nilikuwa nakutazama ukitafuna, nikajiambia labda chakula kile sasa kimepona. Sikuwahi kukuambia kimetoka wapi, na hata sasa sijui kama ninafanya vizuri kukuambia. Labda nimechelewa mno, labda nimekuharibia kitu ulichokipenda na bado utapanda lori kesho. Nakujua. Utapanda. Ulishaweka sahihi yako kwenye karatasi yao, na hata usingeiweka, ungekwenda.

Imenibakia silaha moja tu, nayo ni ile baraka uliyoniomba. Nimeifikiria tangu jana nilipokuwa nimejificha kwenye migomba. Nilisema, nikimnyima ataogopa. Ni mtoto gani wa Mgusii anayevuka mto bila mate ya babake kifuani? Lakini wewe hutaogopa, utakwenda hivyo hivyo, na siku risasi zitakapoanza utakuwa unajiuliza kama babako alikulaani. Siwezi kukutwika hilo. Nimegeuza huku na huku, sina pengine pa kushika. Kila ninachoweza kufanya kukuzuia kinakuumiza wewe kwanza.

Kerubo atakuletea karatasi hii kabla hujalala. Usije kunijibu, sitajua niseme nini. Asubuhi, kabla lori halijapiga honi kule barabarani, njoo mlangoni kwangu. Nitachukua funda la maziwa, nitakutemea kifuani kama baba yangu alivyonitemea, na nitasema nenda salama. Mikono yangu itataka kukushika, usiitazame. Sikiliza mdomo tu, mdomo utasema nenda.

Nami nakuomba jambo moja, kwa Kiswahili, kwa kuwa siwezi kuliamuru. Itafika jioni ambayo mpishi wenu atakuwa amepika chakula cha watu wote, na watu wote hawatakuwapo. Atakujazia sahani mpaka imwagike. Utataka kuitupa, nawe utakuwa na haki ya kuitupa. Usiitupe. Usihesabu nani hayupo. Keti chini, mwanangu, ule sehemu yako, ule na ya mwenzako, usione haya hata ikiwa tamu, ili upate nguvu ya kurudi kwetu.

Ni mimi babako.